Baba Anayeweza Kupingwa

Ndugu wazazi wenzangu, walimu, na vijana wetu mliofika, nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie malezi ya baba na hatari ya itikadi kali. Mimi si mtaalamu wa usalama wala si kiongozi wa dini. Ni baba wa watoto watatu, na jambo hili limeninyima usingizi kwa miaka mingi. Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa niliogopa yale ambayo kila baba huyaogopa: homa za usiku, barabara, maji, moto. Sikuwaza hata kidogo kwamba mtoto anaweza kuyavuka hayo yote akiwa mzima, akasoma vizuri, akawa na adabu, halafu akaja kuchukuliwa na wazo. Leo naliogopa hilo kuliko yote.

Niseme kwanza kuhusu kile ambacho wengi wetu tunajifariji nacho. Tunasema wanaochukuliwa hivyo ni watoto waliokosa malezi. Ni watoto wa watu wengine, wasiosoma, wasio na kitu, wasio na baba. Tarehe 2 Aprili 2015 watu wenye bunduki walivamia Chuo Kikuu cha Garissa nchini Kenya wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi, wengine wakiwa bado vitandani, wengine wakiwa kwenye sala ya alfajiri. Mmoja wa wauaji wale alikuwa kijana aliyehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Baba yake alikuwa chifu, mtumishi wa serikali, na alikuwa amekwisha kutoa taarifa kwamba mwanawe ametoweka.

Miaka michache kabla ya hapo, Novemba 2009, mzee mmoja wa Nigeria, Umaru Mutallab, mwanabenki mkubwa aliyewahi kuwa waziri, alikwenda Ubalozi wa Marekani mjini Abuja akawaeleza maofisa kwamba ana wasiwasi na mwanawe aliyekuwa Yemen. Kijana huyo, Umar Farouk, alikuwa amesoma uhandisi London. Hakukosa ada, hakukosa nguo, hakukosa baba. Alikuwa ameshaiarifu familia kwamba anakata mawasiliano. Jina lake liliingizwa kwenye orodha ya watu wa kufuatiliwa, lakini halikuingia kwenye orodha ya wanaozuiwa kusafiri. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo alipanda ndege iendayo Detroit akiwa na kilipuzi alichokificha ndani ya chupi. Kilishika moto badala ya kulipuka, na abiria wakamrukia. Ndege ile ilikuwa na watu wapatao 290. Mwaka 2012 alihukumiwa kifungo cha maisha.

Nimemfikiria sana mzee yule. Watu huuliza alikosea wapi. Mimi hujiuliza alitembeaje kutoka kwenye gari lake mpaka kwenye mlango wa ubalozi, akijua anachokwenda kukisema ni kuhusu mtoto aliyemfundisha kutembea.

Kwa hiyo elimu si kinga. Fedha si kinga. Hata baba kuwepo nyumbani, peke yake, si kinga. Tukikubali hilo ndipo tunaweza kuanza kuzungumza kama watu wazima.

Basi hawa watoto wanakosa nini? Mwanasaikolojia Arie Kruglanski wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani, ambaye amelitafiti jambo hili kwa miaka mingi, anasema kuna vitu vitatu vinavyokutana: haja ya mtu kujiona ana maana, simulizi inayomwonyesha njia ya kuipata maana hiyo, na kundi la watu wanaomthibitishia kwamba simulizi hiyo ni ya kweli. Nilipoelewa maelezo haya, mimi kama baba nilishtushwa na kitu kimoja. Hicho cha kwanza, haja ya kuwa mtu wa maana, kila mtoto wa miaka 15 anacho. Wangu anacho. Wako anacho. Huwezi kumwondolea, na si vizuri kumwondolea, maana ndicho pia kinachowafanya vijana wawe madaktari, wanamichezo na watu wa kujitolea. Kinachogombaniwa ni vile viwili vinavyobaki: nani atamsimulia, na nani atakaa naye.

Na wanaosajili vijana wanajua kugombania. Hakuna anayeanza na bunduki. Huanza kwa kumsikiliza mtoto. Huyo mtu wa upande wa pili wa simu ana muda. Anajibu ujumbe saa saba usiku. Anamuuliza kijana anaonaje, anamsifu kwa akili yake, anamwambia hasira yake ni ya haki. Halafu anampa jina la anayemwonea. Halafu anampa maneno mapya: watu wale hawaitwi tena kwa jina lao, wanaitwa kwa jina la mdudu, la ugonjwa, la uchafu. Halafu inakuja siri. «Usimwambie baba, hataelewa.» Kisha, mmoja baada ya mwingine, wanaondolewa kando ya mtoto wote wanaoweza kumtilia shaka: rafiki wa zamani, mwalimu, shangazi, mama, na mwisho baba.

Haya hayana dini moja wala rangi moja, na nawaomba tusidanganyane hapo. Norway, tarehe 22 Julai 2011, aliyeua watu 77, wengi wao vijana waliokuwa kwenye kambi ya chama cha siasa, alikuwa mzalendo wa kibaguzi aliyejiona anaiokoa Ulaya. Aliyeua waumini 51 misikitini Christchurch, New Zealand, Machi 2019, alirusha mauaji yale moja kwa moja kwenye Facebook, kwa sababu alitaka kundi lake limwone. Na Rwanda hatuhitaji kukumbushwa. Redio ya RTLM ilianza matangazo Julai 1993. Ilipendwa na vijana kwa sababu ilipiga muziki mzuri na watangazaji wake walikuwa wachangamfu. Katikati ya muziki, Watutsi waliitwa mende. Mwaka uliofuata, katika muda wa siku 100 hivi, watu wapatao 800,000 waliuawa. Baadhi ya waliokuwa nyuma ya redio ile walitiwa hatiani mwaka 2003 na mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha, lakini nawaza zaidi zile jioni za kabla ya mauaji. Redio iko sebuleni. Mtangazaji anatania, chumba kinacheka. Baba yupo, anasikia neno lile, na mtoto anamtazama aone baba atafanya nini.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Walipoyasema hayo ulimwengu ulikuwa nje ya mlango, na mtoto alipaswa atoke ndipo akutane nao. Sasa ulimwengu unalala naye, uko chini ya mto wake, unatetemeka kila dakika kumwita. Ndiyo maana siamini sana katika ushauri wa kunyang'anya simu. Kwa mtoto mdogo, sawa, mwekee mipaka, na mipaka ya kweli. Lakini kijana wa miaka 16 ukimnyang'anya simu, atapata ya rafiki yake, na utakuwa umemthibitishia yule mtu wa usiku kwamba aliyoyasema kuhusu baba ni kweli.

Sasa nije kwenye lile hasa lililonileta.

Nadhani hatari kubwa zaidi ndani ya nyumba zetu ni baba asiyeweza kupingwa. Simsemi baba mkali. Ukali una nafasi yake, na najua wapo wanaoniwazia sasa hivi kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Nakubali. Kwangu saa ya kurudi nyumbani haina mjadala. Kumheshimu mama hakuna mjadala. Kumpiga mdogo wako hakuna mjadala. Lakini anachokiamini mtoto, anachokiona kuwa ni haki, anavyomfikiria Mungu, anavyoifikiria serikali, hayo yana mjadala, na mjadala huo lazima uwe wa kweli, yaani ambao baba anaweza kushindwa na mbingu zisianguke.

Fikirini mtoto anayekua katika nyumba ambamo neno la baba likishatoka jambo limefungwa. Akiuliza kwa nini, anaambiwa ana kiburi. Akikubali, anapendwa. Akikataa, baba ananuna siku kadhaa na nyumba nzima inanyamaza. Mtoto huyo anajifunza nini? Anajifunza kwamba ukweli ni kitu anachokitoa mwenye sauti kubwa. Anajifunza kwamba kupendwa ni malipo ya kukubaliana. Anajifunza kwamba shaka ni usaliti. Ndugu zangu, hayo ndiyo mafunzo ambayo kundi lolote la itikadi kali hutumia miezi kumpa kijana, na sisi tunakuwa tumeshampa bure. Akija kukutana na mtu mwenye sauti kubwa kuliko ya baba, anahama tu. Habadiliki hata kidogo. Anabadilisha baba.

Na methali ya samaki mkunje angali mbichi, hao wasajili nao wanaijua. Swali ni tumemkunja kuelekea wapi.

Niwape mfano wa nyumbani kwangu, kwa ruhusa ya mwenyewe, ambaye sasa ni mtu mzima.

Jioni moja, mwanangu wa kiume akiwa na miaka 15, tuko mezani, alisema bila kuinua macho: «Wale watu hawafai kuishi nao. Wakiachwa watatumaliza.» Sitawaambia wale ni akina nani. Kila nchi ina wale wake, na nikiwataja, nusu yenu mtaanza kufikiria kama ni kweli. Mama yake aliweka kijiko chini. Mimi kilichonishtua kwanza hakikuwa maana ya sentensi. Kilikuwa umbo lake. Mwanangu huzungumza kwa kukatakata, anaanza hapa, anarukia kule, anasema «yaani» mara nne. Sentensi ile ilitoka nzima, imenyooka, imepigwa pasi. Haikuwa yake.

Nilimuuliza, «Watatumalizaje, baba?»

Akanyamaza, kisha akanionyesha video. Tukaitazama pamoja. Alikuwa kijana mtanashati, sauti ya upole, muziki wa chini kwa chini. Hakutukana hata mara moja. Alieleza mambo kwa mpangilio kama mwalimu mzuri. Ilipoisha nikamwomba aniwekee nyingine. Baada ya ile ya pili nikamuuliza, «Hapa alipotaja idadi ya wale watu, yeye amejuaje?» Mwanangu akaudhika. Akaniambia mimi ni mtu wa zamani, nimezoea kulishwa habari na wakubwa. Nikamjibu kwamba inawezekana. «Basi usinipe alichosema yeye. Nitafutie wewe mwenyewe, halafu uniletee.»

Alikwenda akatafuta. Alirudi baada ya siku kadhaa na karatasi. Na hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo wazazi wengi tunapopoteza mtoto. Baadhi ya aliyoyaleta yalikuwa kweli. Kulikuwa na dhuluma ya kweli iliyofanywa na watu wa kweli, na hakuna aliyeadhibiwa. Nilimwambia, «Hili ni kweli. Ni baya, na una haki ya kukasirika.» Nilimwona mabega yakishuka. Alikuwa amejiandaa kupigana na mimi nikatae kila kitu.

Itikadi kali hazianzi na uongo mara nyingi. Huanza na ukweli mmoja unaouma, halafu zikamdai mtu alipe ukweli ule kwa kukubali mambo mengine kumi yasiyo kweli. Baba akiukana ule ukweli wa kwanza, kwa sababu anaogopa yale kumi, mtoto anaona baba ni mwongo na yule wa kwenye video ni mkweli. Ukubali ukweli. Kisha muulize, polepole, ni vipi kosa la watu wale watano likawa kosa la mtoto mchanga aliyezaliwa jana katika kabila lao, au dini yao, au upande wao.

Ubishi wetu ulichukua muda mrefu. Haukuisha kwa mmoja kushinda. Ulipungua, akaanza kusema «baadhi yao», kisha akaanza kumtaja mmoja wao kwa jina, mwenzake wa darasani. Siku aliyomtaja kwa jina niliingia chumbani nikamshukuru Mungu.

Subira hiyo niliirithi. Baba yangu alikuwa mtu wa chama damudamu. Nikiwa kijana, nikiwa nimesoma vitabu vichache na kujiona nimeujua ulimwengu, nilimwambia mbele ya wageni kwamba chama chake kinaiangamiza nchi. Alikasirika mpaka mkono uliokuwa umeshika kikombe ukatetemeka. Wageni walipoondoka aliniita. Nilidhani nafukuzwa. Aliniambia: «Umesema upuuzi, lakini umeusema mbele yangu. Endelea kuusema mbele yangu.» Hatukukubaliana kamwe kuhusu chama kile. Amekufa hatujakubaliana. Lakini katika miaka yangu yote ya ujana, walipokuja watu wenye maneno matamu na mipango ya giza, nilikuwa na mahali pa kuyapeleka maneno yale yapigwe na mtu ambaye sikuhofia kwamba ataniacha.

Lipo jingine, nalo ni gumu zaidi kulisema mbele ya akina baba. Tunazungumza kana kwamba itikadi kali hutoka nje ikaja kumwiba mtoto. Mara nyingine hutoka kwa baba.

Rudolf Höss, aliyekuwa kamanda wa kambi ya mauaji ya Wanazi ya Auschwitz, aliishi na mkewe na watoto wao watano katika nyumba iliyopakana na kambi. Watoto walicheza bustanini. Hakuna shaka kwamba aliwapenda. Hans Frank, aliyeitawala Poland kwa niaba ya Hitler, alikuwa na mtoto wa mwisho wa kiume aitwaye Niklas. Mwaka 1946, Niklas akiwa na miaka saba, alipelekwa gerezani Nuremberg kumwona baba yake kabla hajanyongwa. Niklas ameeleza mara nyingi kwamba baba yake alimwambia wataisherehekea Krismasi pamoja nyumbani, na kwamba yeye, mtoto wa miaka saba, alijua baba hatarudi, akajiuliza kwa nini ananidanganya. Amezeeka akiwa na picha ya maiti ya baba yake mfukoni na akizunguka shuleni kuwaambia vijana baba yake alifanya nini. Nikisoma habari zake sioni mtu aliyepona. Naona mtu aliyeachiwa deni na baba aliyekuwa na uhakika.

Kwa hiyo kuwapenda watoto wako hakukufanyi salama. Mtu anaweza kumbusu mwanawe asubuhi na kwenda kazini kuua wana wa wenzake. Kinachotakiwa ni baba anayeweza kumwona mtoto wa jirani kuwa ni mtoto.

Nchini Marekani, Don Black, aliyewahi kuongoza kundi la Wazungu wabaguzi liitwalo Ku Klux Klan, alianzisha mwaka 1995 tovuti ya Stormfront, iliyokuja kuwa maarufu kuliko nyingi kwa kueneza chuki ya watu wa rangi nyingine. Mtoto wake, Derek, alilelewa humo. Akiwa bado mdogo alitengeneza ukurasa wa watoto wenzake kwenye tovuti ile. Alikuwa mrithi. Halafu akaenda chuo huko Florida, wanafunzi wakagundua ni nani, na wengi wakamtenga. Mwanafunzi mmoja Myahudi, Matthew Stevenson, akamwalika kwenye chakula cha Ijumaa jioni, pamoja na marafiki wengine. Akamwalika tena wiki iliyofuata. Hawakuanza na mabishano. Mabishano yalikuja baadaye, mengi na marefu, na mwanafunzi mwingine katika kundi lile alikaa naye akichambua takwimu moja baada ya nyingine. Mwaka 2013 Derek aliandika waziwazi kwamba ameachana na itikadi ile.

Wengine husimulia habari hii kana kwamba chakula kilitosha. Hakikutosha. Kilichofanya kazi ni vyote viwili, urafiki usiokatwa na hoja zisizolegezwa. Urafiki peke yake ungemwacha alivyo, na hoja peke yake zingemrudisha kwa baba. Na nawaomba mtazame aliyeketi mezani pale: mtoto aliyefundishwa kuwachukia Wayahudi, na Myahudi aliyekuwa na kila sababu ya kumkimbia. Mimi sidai kwamba kila anayechukiwa ana wajibu wa kumlisha anayemchukia. Huo ni mzigo mkubwa, na Matthew aliubeba kwa hiari. Lakini sisi baba hatuna hiari hiyo. Mtoto ni wetu.

Basi, kila tunapokaa sebuleni na kusema «hao watu ndivyo walivyo», kila tunapocheka mzaha unaowafanya watu wa upande fulani wadudu, kila tunapomwambia binti kwamba watu wa kabila lile hawaolewi, tunamfundisha mtoto sarufi ya lugha ambayo wengine watakuja kumalizia sentensi zake. Huwezi kumwambia mtoto kwa miaka 15 kwamba wale ni wabaya, kisha ukashangaa alipokutana na mtu aliyemwambia: sawa, sasa tufanye nini?

Nawageukia wale ambao tayari mtoto amebadilika. Najua mpo. Mlikuja mkakaa nyuma. Mtoto ameacha marafiki wa zamani, ameacha mpira, ameacha muziki aliokuwa akiupenda, anafunga mlango, anazungumza kwa sentensi ndefu zilizonyooka, hacheki tena na mtu yeyote isipokuwa dhidi ya mtu. Dalili hizi moja moja hazina maana, kila kijana hubadilika. Zikija pamoja, na zikaja na chuki, usingoje.

Jambo la kwanza ambalo moyo utakutuma kufanya ni kumfukuza, au kumwambia si mwanangu tena. Naielewa hasira hiyo. Lakini kumbuka kundi lile limefanya kazi miezi mingi ili ufike hapo. Ukisema maneno hayo umemaliza kazi yao. Azdyne Amimour, baba Mfaransa, mwaka 2014 alisafiri mpaka Syria kumtafuta mwanawe Samy, aliyekuwa dereva wa basi kabla ya kujiunga na kundi la Dola la Kiislamu. Alikuwa mtu wa umri mkubwa, na aliingia vitani peke yake. Alimkuta, akampa barua ya mama yake, ambayo mama alikuwa ametia ndani yake euro 100. Samy akaenda pembeni akaisoma. Akarudi, akamrudishia baba zile fedha. Akasema hazihitaji. Tarehe 13 Novemba 2015 Samy alikuwa mmoja wa wauaji katika ukumbi wa Bataclan, Paris, ambamo watu 90 waliuawa.

Sisemi safari ile ilikuwa bure. Baba alikwenda kwa sababu ni baba, na hakuna anayejua ni watoto wangapi wengine wamerudi kwa sababu mtu alikwenda. Lakini ilichelewa, na mzee alikuwa peke yake. Hilo la kuwa peke yake ndilo tunaloweza kulibadilisha. Norway walianzisha mwaka 1997 mradi ulioitwa Exit wa kuwasaidia vijana watoke kwenye makundi ya kibaguzi, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuwakutanisha wazazi: mama na baba waliokuwa wakiona aibu, kila mmoja nyumbani kwake, wakakaa chumba kimoja wakagundua wanazungumzia kundi lilelile. Sweden na Ujerumani zikaiga. Hatuhitaji kusubiri serikali kwa hilo. Aibu ndiyo inayotufungia ndani, na wasajili wanaitegemea aibu hiyo kama wanavyotegemea intaneti. Ukimwona mwenzako ana mtoto aliyepotelea huko, usimnong'one. Mtembelee.

Na kama umefika mahali ambapo unaamini mwanao anakwenda kuua mtu, au kuuawa, basi nenda ukaseme. Nenda kwa mtu unayemwamini akusindikize, nenda kwa polisi, nenda popote penye uwezo wa kumzuia. Ninajua ninachokuomba. Ninajua pia kwamba ni kazi ya serikali kuhakikisha baba anayekuja kutoa taarifa hatendewi kama mhalifu, na mtoto aliyetajwa hapotei mikononi mwao, kwa sababu baba mmoja akitendewa hivyo, wengine mia watanyamaza. Hilo nalisema wazi kwa yeyote mwenye madaraka aliyemo humu.

Mwaka 2017 Azdyne Amimour alimtafuta Georges Salines, daktari ambaye binti yake Lola, mwenye miaka 28, aliuawa Bataclan usiku ule. Salines alikubali kuonana naye. Wakaketi, baba wa aliyeuawa na baba wa mmoja wa wauaji. Hawakukubaliana katika kila kitu, na hawakuficha hilo. Baadaye waliandika kitabu pamoja na kuzunguka wakizungumza na vijana. Niliposikia habari zao niliwaza kwamba wale wazee wawili wanafanya sasa, wakiwa wamechelewa kwa namna ya kutisha, jambo ambalo sisi humu bado tuna nafasi ya kulifanya watoto wetu wakiwa hai, chumba cha pili, wakiwa na hasira, wakiwa na makosa, wakitusubiri tugonge mlango.

Nimesema mengi. Muda wa maswali upo, na ningependa tuanze na vijana, hasa yule anayeona nimekosea. Mletee kipaza sauti.